Mwongozo kwa Aliyetiwa Mkononi Riwaya ya Mvuke, Damu na Mahaba

Yako mazoea ya kusoma yanayomfaa mtu kwa miaka mingi, kisha taratibu yakamfungia milango. Mpenzi wa tarehe husoma tarehe. Mpenzi wa tenzi husoma tenzi. Na yule aliyelelewa na visa vya Bwana Msa, tangu Muhammad Said Abdulla alipotutolea *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, hachukui kitabu ila kiwe na fumbo la mauaji la kufumbuliwa. Si aibu mtu kuwa na ladha yake, kwani ladha ni matunda ya umri na malezi. Lakini ni dhuluma, tena dhuluma isiyo na faida hata kwa mwenye kuitenda, kukipima kitabu cha jinsi nyingine kwa mizani ya jinsi tuliyoizoea, tukakiona kipungufu kwa kukosa kitu ambacho hakikutuahidi kamwe. Mwongozo huu nimekuandikia wewe ambaye rafiki, binti au mwanafunzi wako amekutia mkononi riwaya yenye picha ya bibi wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria, mwavuli mkononi, akakwambia kwamba ndani yake mna wanyonya damu, mitambo ya mvuke na mapenzi, nawe hujui uanzie wapi.

Nitashika mfano mmoja, madhali nasaha zisizo na kitabu mahsusi hazimfikishi mtu popote. Kitabu chenyewe ni *Soulless*, kilichotolewa mwaka 2009 na Gail Carriger, mwandishi wa Marekani aliyesomea elimu ya mambo ya kale yafukuliwayo ardhini kabla ya kujulikana kwa riwaya. Nacho ni cha kwanza katika silsila ya vitabu vitano iliyokamilika mwaka 2012. Mandhari yake ni London ya miaka ya 1870, lakini London ambamo wanyonya damu na watu wageukao mbwa mwitu hawajifichi makaburini, bali wana majumba, vyeo, na ofisi ya serikali inayowaandikisha. Shujaa wake ni Bi Alexia Tarabotti, binti ambaye jamaa zake wamekwisha kata tamaa ya kumwoza, ambaye marehemu baba yake alikuwa Mtaliano, na ambaye amezaliwa bila roho. Kwa kuwa hana roho, kila kiumbe cha ajabu akigusana naye hurudi kuwa mwanadamu wa kawaida kwa muda wote wa mguso huo: meno ya mnyonya damu hurudi ndani, na mbwa mwitu husimama mtu.

Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, fahamu kwamba umeshika kitabu chenye nasaba tatu, na kwamba kila nasaba imekuja na ada zake.

Nasaba ya kwanza ni ya mvuke, ambayo wapenzi wake huiita stimpanki. Jina hilo lilitolewa mwaka 1987 na mwandishi K. W. Jeter katika barua aliyolipelekea jarida la *Locus*, alipokuwa akitafuta namna ya kuzitaja riwaya zake na za wenziwe Tim Powers na James Blaylock, zilizoirudia karne ya kumi na tisa na kuijaza mitambo ambayo haikupata kuwako. Mwaka 1990 William Gibson na Bruce Sterling wakatoa *The Difference Engine*, wakauliza ingalikuwaje lau mashine za hesabu alizozibuni Charles Babbage zingalikamilika katika zama zake na kuendeshwa kwa mvuke. Babbage alikufa bila kuzikamilisha; lakini Makumbusho ya Sayansi ya London iliunda mojawapo kwa kufuata michoro yake mwenyewe, ikamalizika mwaka 1991, nayo ikafanya hesabu kama alivyokusudia. Hapo ndipo penye utamu wa fasihi hii. Mwandishi wake haanzi katika uzushi mtupu; huanzia katika njia ambayo tarehe iliikaribia kisha ikaipita, akaifuata yeye aone itamfikisha wapi.

Wala usiseme kwamba mvuke ni habari ya Wazungu isiyokuhusu. Jules Verne, ambaye watu wa stimpanki humhesabu kuwa babu yao, aliiandika mwaka 1863 riwaya ya safari ya baluni juu ya Afrika, *Cinq semaines en ballon*, na pa kuanzia safari hiyo akapafanya Unguja. Sayyid Barghash, sultani wa Unguja aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, alitawala katika miaka ile ile ambayo Bi Alexia anatembea London na mwavuli wake. Naye alikuwa na merikebu zake za moshi. Moja katika hizo, *Glasgow*, ilizamishwa na mizinga ya Waingereza mbele ya kasri tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji ya bandari miaka kadha wa kadha, kila mpita njia akiiona. Mwenye kuyakumbuka hayo huzisoma merikebu za angani za riwaya hizi kwa jicho jingine kabisa, kwani anajua kwamba shaba, chuma na mvuke vilikuwa uzuri na vitisho kwa wakati mmoja.

Nasaba ya pili ni ya damu, nayo ni kongwe kuliko ya kwanza. John Polidori alimtoa mnyonya damu wa kiungwana mwaka 1819. Sheridan Le Fanu akaandika *Carmilla*, iliyotoka katika kitabu mwaka 1872. Bram Stoker akaja na *Dracula* mwaka 1897, na tangu hapo kila mwandishi amekuwa akichukua baadhi ya kanuni za waliomtangulia na kuzitupa nyingine. Kwa hiyo kazi yako ni kuzitambua kanuni za kitabu ulicho nacho, wala si za sinema uliyoitazama ujanani. Katika *Soulless* wanyonya damu huishi katika mizinga mfano wa nyuki, chini ya malkia mmoja, na malkia peke yake ndiye awezaye kuwazalisha wengine. Watu-mbwa mwitu huishi makundi makundi chini ya kiongozi. Na si kila aumwaye hugeuka, bali yule tu aliyejaliwa roho ya ziada, na wengi wanaojaribu hufa. Chukua kipande cha karatasi uyaandike hayo kadiri unavyoyakuta, pamoja na majina ya watu na vyeo vyao, ukitie kitabuni kama alamisho. Ni kazi ya dakika chache, nayo itakuokoa na ile hali ya kurudi nyuma kila mara kuuliza huyu ni nani.

Nasaba ya tatu, ya mahaba, ndiyo inayowashinda wasomaji wengi wa makamo, hasa wanaume, na ndiyo inayotaka insafu zaidi. Chama cha waandishi wa mahaba wa Marekani kimeifafanua jinsi hii kwa masharti mawili tu: kwamba mapenzi yawe ndiyo mhimili wa hadithi, na kwamba mwisho wake uuridhishe moyo na kuutia matumaini. Basi usilalamike kwamba umejua tangu ukurasa wa ishirini kuwa Bi Alexia atampenda Lord Maccon, yule mtu-mbwa mwitu wa Kiskochi, mwenye sauti kubwa na adabu chache, aliye mkuu wa ile ofisi ya uandikishaji. Ulikusudiwa ujue. Mtu haendi kwenye taarabu ili apate kujua wimbo utaishaje. Huenda asikilize sauti itapandaje, fidla itajibu nini, na ubeti anaoujua kwa moyo utaimbwa vipi usiku huo. Kadhalika hapa: mwisho umekwisha tolewa rehani, na starehe yote imo katika njia, yaani katika ugomvi wa watu wawili wenye akili ambao kila wanapotukanana wanajongeleana.

Sasa kifungue, na sura ya kwanza uisome yote kwa mkao mmoja, kwani humo mwandishi ameweka mkataba wake wote. Bi Alexia yumo katika dansa ya wakubwa ambako mwenyeji hakuwaandalia wageni chakula. Amejitenga katika chumba cha vitabu, ameagiza chai, na mnyonya damu anamvamia hapo pasi kujulishwa naye. Tazama kwa makini ni nini kinachomkera. Hofu ya kufa haimshughulishi sana. Linalomchoma ni utovu wa adabu, mwanamume kumwendea mwanamke asiyemjua na kumtaka damu yake katika nyumba ya watu, fauka ya hayo kumharibia chai na kitafunio alichokingojea kwa hamu. Anampiga kwa mwavuli uliotiwa uzito kwa kazi hiyo, na mwishowe kijiti cha mti kilichoshika nywele zake ndicho kinachomwua yule kiumbe. Katika kurasa hizo chache umekwisha onyeshwa kwamba hadithi hii ni ya vichekesho vya adabu kabla ya kuwa ya kutisha, kwamba vitu vya mapambo vitageuka silaha, na kwamba hatari kubwa na jambo dogo la nyumbani vitatajwa kwa sauti moja. Ukicheka hapo, endelea. Usipocheka, endelea vilevile hadi sura ya tatu, kwa kuwa sikio hutaka muda kuzoea lafudhi ya kicheko kigeni.

Na wewe mpenzi wa Bwana Msa, amka hapo hapo. Yule mnyonya damu aliyekufa alikuwa na njaa, amevaa shati duni, hajui kanuni za wenziwe, wala hajui kwamba mwanamke asiye na roho huondoa nguvu zake, jambo ambalo kila mnyonya damu wa London hufundishwa. Katika mji ambamo kila mmoja wao ameandikishwa na ana malkia wake, huyu ametoka wapi? Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa riwaya nzima. Wanaodhani kwamba kitabu hiki ni mahaba matupu hulipoteza katikati ya kofia za Bi Ivy Hisselpenny, rafiki wa Bi Alexia, na maneno ya asali ya Lord Akeldama, yule mnyonya damu mkongwe mwenye kupenda mavazi na kujua siri za kila nyumba. Walishike swali hilo, na kila ziara, kila barua na kila kikombe cha chai kitakuwa ushahidi.

Jambo la roho huenda likakutia kero, ukiwa mtu wa dini, nami sitaki ulipite kwa kujifanya hulioni. Katika kitabu hiki roho imefanywa kama kitu cha kupimika, wengine wanacho kwa wingi, wengine kwa kiasi, na mmoja hanacho kabisa. Na wako wanasayansi, wabaya wa hadithi, wanaotaka kuichunguza kwa vyombo na kwa kisu. Lichukue kuwa ni sharti la hadithi, mfano wa majini na watu waliogeuzwa nyani ambao Shaaban Robert hakuona haya kuwaweka katika *Adili na Nduguze* ili apate kusema jambo juu ya wanadamu. Isitoshe, Carriger hakulizua swali hilo kutoka hewani. Watu wa zama zile walishughulika nalo kweli kweli: mjini London ilianzishwa mwaka 1882 jumuiya ya wasomi ya kuchunguza mambo ya roho, na huko Massachusetts tabibu Duncan MacDougall alidiriki kuwalaza watu waliokuwa katika sakarati juu ya mizani ili apate uzito wa roho inapotoka, akayatangaza matokeo yake mwaka 1907. Ukilijua hilo, utaona kwamba maabara ya kutisha iliyomo mwishoni mwa riwaya imejengwa kwa matofali ya kweli. Na swali linalobaki, kama mwanamke asiye na roho anaweza kuwa na huruma, heshima na uaminifu kuliko wenye roho wanaomzunguka, ni swali la akhlaki lenye uzito wake.

Kuhusu lugha, kitabu ni cha Kiingereza, tena Kiingereza cha kuigiza ufasaha wa karne ya kumi na tisa, chenye sentensi ndefu na maneno ya nguo, vyombo na vyakula. Usilifukuze kila neno katika kamusi. Mengi katika hayo ni pambo, na maana yake huonekana kwa matumizi. Mazungumzo uyasome kwa sauti, maana yameandikwa kwa ajili ya sikio.

Lipo jambo moja ambalo kwalo msomaji wa pwani anamshinda msomaji wa Marekani ya leo. Ulimwengu wa Bi Alexia ni ulimwengu wa sitara: binti hakai peke yake na mwanamume, habari hupelekwa kwa barua na kwa watumishi, ziara ina saa yake, jina la mtu huharibika kwa mtu kuonekana tu mahali pasipostahili, na kinachosemwa sebuleni si kinachosemwa chumbani. Mgeni wa mambo hayo huyaona ni kanuni za ajabu za kukariri. Wewe ambaye umeona bibi zako wakiendesha mashauri makubwa ya ndoa, mirathi na ugomvi bila kutoka nyuma ya pazia, unazijua nguvu za mambo hayo kutoka ndani, na utafahamu mara moja kwa nini mguso wa mkono usio na glavu ni tukio katika riwaya hii. Kurasa za mahaba yenyewe zimo, na baadhi yake zina uwazi ambao hautamfaa kila mtu wala kila umri. Ukifika hapo, una ruhusa ya kuruka. Uzi wa hadithi hautakatika. Lakini kumpa kijana kitabu usichokisoma ni taksiri ya mtoaji.

Nimelibakiza hadi sasa jambo ninaloliona ndilo kubwa, na ambalo ningependa usome kwa ajili yake hata kama mengine yote hayakukuvutia. Carriger anasimulia, kama jambo lijulikanalo na kila mtu, kwamba Uingereza ya hadithi hii ilipata dola yake kwa kuwa iliwakubali viumbe hao mapema na kuwatia katika sheria: wanyonya damu, walioishi karne nyingi, wakawapa watawala tadbiri za siasa, na watu-mbwa mwitu wakaingia jeshini na kupigana katika makoloni. Malkia Victoria ana Baraza la Kivuli, ambamo mnyonya damu na mbwa mwitu wana viti vyao. Msomaji wa London huyapita maneno hayo akitabasamu. Wewe usiyapite.

Huku kwetu, katika zama za ukoloni, kuanzia Mombasa na Nairobi hadi Kampala na kwingineko, watu walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto, kwamba usiku walikamatwa wapita njia, wakatiwa katika magari na kutolewa damu kwa ajili ya wakubwa. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi za namna hiyo za Afrika Mashariki na ya Kati katika *Speaking with Vampires*, kitabu kilichotoka mwaka 2000, na hakuzidharau kuwa upuuzi wa wajinga. Alizisoma kama maneno ya watu waliokuwa wakieleza, kwa lugha waliyokuwa nayo, kazi mpya, mashine mpya na mamlaka mapya yaliyowaingilia hata miili. Zingatia jambo hilo: watu wetu, bila kusoma riwaya yoyote ya stimpanki, walikwisha mtia mnyonya damu ndani ya mtambo, na mtambo huo ukawa wa serikali. Bibi wa Marekani akiandika kwa kicheko, na makuli wa bandarini wakinong'ona kwa hofu, wamefika mahali pamoja: damu, mashine na dola ni habari moja.

Ila wale wa bandarini waliuliza damu ni ya nani, na *Soulless* haiulizi. Chai inanywewa katika kila sura, sukari inatiwa, pamba na hariri zinavaliwa, vikosi vinarudi kutoka ng'ambo, na walioichuma chai hiyo na waliopigwa na vikosi hivyo hawana uso. Hilo ndilo shtaka langu juu ya kitabu hiki, na juu ya sehemu kubwa ya fasihi ya mvuke, ambayo imeipenda shaba ya karne ile hata ikasahau ilikochimbwa. Sikwambii ukitupe kwa sababu hiyo. Nakwambia usome na swali hilo kando, kisha utafute waandishi waliolijibu. Nisi Shawl wa Marekani alitoa mwaka 2016 riwaya iitwayo *Everfair*, ambamo kipande cha Kongo kinanunuliwa kwa Mfalme Leopold na kufanywa nchi ya makimbilio, na waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira wanaundiwa mikono ya chuma. P. Djèlí Clark naye, katika *A Master of Djinn* ya mwaka 2021, ameiweka mitambo pamoja na majini katika Cairo ya mwaka 1912, Cairo iliyowafukuza wakoloni; na msomaji aliyekua na Alfu Lela Ulela hatahitaji mwongozo wa kuingia humo.

Ikiwa umefika katikati ya *Soulless* na bado kila ukurasa ni mzigo, kifunge bila haya, lakini uwe unaweza kutaja sababu kwa maneno yako mwenyewe: kwamba mzaha umezidi, au mapenzi yamekuja mapema, au sauti ya mwandishi inakukalia mbele ya macho. "Si kitabu cha jinsi yangu" si sababu, maana ulilijua hilo kabla ya kuanza. Kwa upande wangu nakiona kuwa kitabu chema katika jinsi yake, chepesi kwa makusudi, kilichoshonwa kwa ustadi kuliko kinavyojionyesha, na chenye mwanamke wa mbele anayestahiki kukumbukwa. Na vitabu viwili vinavyokifuata, *Changeless* na *Blameless*, vya mwaka 2010, havina haraka ya kusomwa mpaka uwe na hakika kwamba humwonei choyo Bi Alexia wakati wako. Kianze jioni ya leo, na utakapokimaliza mrudishie aliyekupa ana kwa ana, umwambie ni sura ipi iliyokupendeza, ipi iliyokuchosha, na ile chai ilitoka kwa nani.